Jina Lililopanda Ngazi

Kwa wale waliokuwa na shughuli zao wiki iliyopita, nitawasimulia kwa pumzi moja. Nilialikwa kughani kwenye harusi ya mfanyabiashara wa mbao. Nikamsifu bibi harusi ubeti baada ya ubeti, sauti imepanda, mkono hewani, mpaka mtu akanivuta shati. Jina nililokuwa nikilisifu lilikuwa la mchumba wa zamani wa bwana harusi. Nikatolewa kupitia mlango wa jikoni, kiatu kimoja mguuni. Cha pili sijakiona mpaka leo.

Nani alinipa jina lile, hayo tumeshayamaliza. Leo nina msiba mpya.

Habari za harusi zilifika kwa baba wa mchumba wangu kabla yangu. Mzee yule maisha yake yote alisimamia ghala, na sasa amestaafu. Hana maneno mengi. Alimwita binti yake akampa ujumbe aniletee:

"Mwambie kwamba binti yangu haolewi na vina na mizani. Apate kazi inayoeleweka, Ijumaa aje na mkubwa wake tuzungumze. Akija mikono mitupu, mlango anaujua."

Siku hiyo ilikuwa Jumatatu.

Mimi ushairi sikufundishwa na mtu. Nilijifunza peke yangu, nikihesabu mizani kwa vidole vya mkono wa kushoto huku wa kulia ukisukuma pasi kwenye mashati ya watu. Mtu wa namna hiyo hadharauliwi hivihivi. Lakini mchumba nampenda. Nikameza kiburi changu, nikaenda kwa shangazi.

Nilikimeza, ila hakikushuka vizuri. Mtaona.

Shangazi yangu, dada wa marehemu baba, ameuza vyombo vya nyumbani sokoni tangu sijazaliwa. Mwaka huu amechoshwa na jua na kelele. Amekodi chumba ghorofa ya nne, amekijaza sufuria, mapazia, feni na pasi mpaka dirisha halifunguki, na anafungua duka la mtandaoni. Lifti ya jengo lile ilikufa zamani. Mlango wake sasa unabandikwa matangazo ya vyumba vya kupanga.

Nilifika juu natweta.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba. Kaa kwenye boksi. Si hilo, hilo lina glasi. Nimesikia ya harusi. Kiatu ulikipata?"

"Bado."

"Pole. Sasa nisikilize, mwanangu. Tovuti yangu iko tayari. Picha zipo, bei zipo, namba ya simu ipo. Kimebaki kitu kimoja tu, jina."

Akanigeuzia kompyuta. Juu ya picha za sufuria kulikuwa na maandishi makubwa: JINA LITAKAA HAPA.

"Jana kuna mtu kapiga," akasema. "Ananiuliza, samahani, hapo ni Jina Litakaa Hapa? Nataka feni. Nimemuuzia. Lakini mpaka lini?"

Kwenye kiti pekee cha chumba kile alikuwa amekaa kijana wa viatu vilivyochongoka kama penseli. Shangazi alimtambulisha kwa neno moja, Mshauri. Anashauri nini, hakuniambia, na nadhani naye alikuwa hajaambiwa.

"Jina zuri halina maana," Mshauri akasema, akinitazama kama mtu anayetazama doa kwenye pazia. "Maana inamfunga mteja. Jina ni hisia."

"Hisia gani?"

"Ukiuliza, umeshaiharibu."

Shangazi akakata maneno. "Mimi sijui hisia. Najua vyombo. Atakayenipa jina linaloganda, ndiye nitakayemwajiri kuandika maneno yote ya tovuti. Mshahara kila mwezi, meza, na hicho kiti. Mwisho Alhamisi, jua likiwa utosini."

Nilikiangalia kile kiti. Wengine wangeona mbao na misumari. Mimi niliona posa yangu imekaliwa na mwanaume mwingine.

Sasa niwaeleze jinsi shangazi anavyopima jina, kwa sababu hilo ndilo lililotuua sote.

"Sokoni," alisema, "mtu ananunua kwangu, anabeba mzigo, anahangaika nao njia nzima. Akifika kwake, jirani anamuuliza, umenunua wapi? Jina likiwa limemtoka njiani, mimi nimekufa. Kwa hiyo jina litapimwa kwa mzigo."

Mtihani ulikuwa hivi. Shangazi anampigia simu mlinzi wa chini, anamtajia jina. Mlinzi analitaja mara moja tu kwa mpagazi wa jengo, mwanaume mpana tunayemwita Kifua. Kifua anabeba jiko la gesi, anapanda nalo ngazi mpaka juu. Kabla hajalitua, shangazi anamuuliza, umetumwa na nani?

"Huo si utafiti," Mshauri akalalamika. "Utafiti unafanywa kwenye kompyuta."

"Kompyuta yako inabeba jiko?"

Akainama kufuta vumbi kwenye ncha za viatu vyake.

Jina langu la kwanza nililitunga papo hapo nimefumba macho: Ghala Adhimu la Vito vya Kaya. Lilivyotoka, mimi mwenyewe nywele zilinisimama. Shangazi akapiga simu. Tukasubiri. Tukasikia miguu ya Kifua ikija, inasimama, inapumua, inakuja tena.

"Umetumwa na nani?"

Kifua, jasho linamchuruzika, akafikiri. "Nimetumwa na ghala. Halafu kulikuwa na kitu kirefu nyuma yake. Kimeniponyoka ghorofa ya pili."

"Kakiokote basi," Mshauri akasema, akacheka peke yake.

Zamu yake ikafika. Alitoa jina moja linaitwa Zvurka. Alisema amelipunguza irabu makusudi ili liwe jepesi. Kalipunguza kweli, kama mtu anayekula samaki akakuachia miiba. Kifua akapanda.

"Umetumwa na nani?"

"Mama, hilo mimi sikulibeba kabisa. Mlinzi alikohoa tu."

Tuliendelea hivyo Jumatatu yote na Jumanne yote. Mimi natoa majina yenye fahari na nasaba, Mshauri anatoa majina yanayofanana na dawa ya kikohozi, na Kifua anayamwaga yote ngazini bila upendeleo. Kufikia Jumanne jioni ngazi zile zilikuwa na majina mengi kuliko makaburi. Jiko la gesi lilikuwa limevunjika mguu.

Jumatano nikaenda kwa mchumba wangu.

Yeye ni fundi simu. Ana kibanda chake pembeni ya barabara, kioo cha kukuzia kimebanwa jichoni, na bisibisi nyembamba ambayo akikasirika huielekeza kwako. Watu wote humwita Fundi, na mimi pia, maana analipenda kuliko "mpenzi".

"Umepata kazi?" aliniuliza bila kuinua kichwa.

"Bado kidogo. Natafuta jina."

"Malenga wangu, tatizo lako majina yako yanataka kiti cha mbele. Tunga kitu ambacho mtu atakisema akiwa na chakula mdomoni."

"Ushairi hausemwi na chakula mdomoni!"

"Ndiyo maana haukulishi." Akacheka. Kisha akashusha sauti. "Nyumbani kwetu kuna jina moja, halisahauliki hata ukitaka. Hata wageni wakilisikia mara moja wanaondoka nalo."

"Jina gani?"

"Sikwambii."

"Fundi."

"La Baba."

Akaweka bisibisi chini, akaangalia kushoto na kulia kama mwizi, akanisogelea.

"Si unamjua alivyo. Akishakaa kwenye kile kiti chake, mguu juu ya kigoda, imetoka hiyo, hainuki tena. Maji? Lete hapa. Ndala? Lete hapa. Mama anapita na beseni la nguo, wala halimhusu, 'Nini hicho? Lete hapa.' Siku moja tulipata msiba kwa majirani, mtu kaja kutoa taarifa mlangoni, Baba anamjibu, 'Lete hapa.' Basi sisi watoto tunamwita Letehapa. Letehapa amelala? Letehapa amerudi? Mwenyewe hajui."

Nilicheka mpaka nikashika ukuta wa kibanda, na kibanda kikatikisika.

"Nani alilianzisha?"

"Hatujui. Tumekua tumelikuta." Akaichukua tena bisibisi, akanielekezea kooni. "Sasa nisikilize. Hiyo ni siri ya nyumba yetu. Ikitoka nje, mimi na wewe basi. Apa."

"Naapa kwa vina na mizani."

"Hivyo usivitaje. Apa wewe kama wewe."

Nikaapa kama mimi.

Alhamisi asubuhi nilipanda ngazi zile sina jina hata moja. Nilikuwa nimekesha na beti, nimeamka na macho mekundu. Juu nilimkuta Mshauri amekunja nne kwenye kiti, anatabasamu.

"Shangazi," akasema, naye siku hizo ameshaanza kumwita shangazi, "piga simu chini. Jina ni Kwizibo."

Shangazi akapiga. Hatukusubiri sana. Tulimsikia Kifua tangu ghorofa ya kwanza anaimba kama mtoto wa shule: "Kwizibo! Kwizibo!" Akaingia na jiko, hajaulizwa, akapaza sauti:

"Kwizibo!"

Shangazi akaweka mkono kifuani. "Makubwa."

Mimi nilikuwa namwangalia Kifua. Alikuwa na kofia mpya kichwani, na miguu inamtetemeka kuliko kawaida.

"Kifua, kaka yangu," nikamwambia taratibu, "umelishikaje jina gumu hivyo?"

"Aa, si tumefanya mazoezi!" akajibu kwa furaha. "Huyu bwana kanifuata tangu alfajiri. Tumepanda na kushuka, tumepanda na kushuka, kila ngazi ananitajia. Kofia kanipa yeye."

Hata feni iliyokuwa inajaribiwa pembeni niliona kama imesimama.

"Hayo ni mafunzo ya wafanyakazi," Mshauri akasema.

"Na wateja?" shangazi akamuuliza. "Utawafundisha wote, mmoja mmoja, na kofia zao?"

Kama angenyamaza hapo, ndugu zangu, leo ningekuwa nawasimulia habari nyingine. Lakini mtu akiumbuka hutafuta wa kuumbuka naye.

"Angalau mimi," akasema akinitazama, "sijamuozesha mtu kwa mchumba wake wa zamani. Mshairi wa mlango wa jikoni."

Kile kiburi nilichokimeza Jumatatu kikarudi chote, na ndugu zake.

Nilipanda juu ya boksi. Lilikuwa lile la glasi. Kikasikika kitu chini ya miguu yangu ambacho sitakieleza.

"Shangazi! Piga simu chini! Mwambie mlinzi: Letehapa!"

Neno lilishatoka. Kiapo kilikuwa nyuma yake kinaita, ngoja, ngoja, lakini ulimi wangu haujawahi kumngoja mtu.

"Nini?" shangazi akauliza.

"Letehapa! Neno moja! Mtu anaona sufuria kwenye simu, anasema nini? Anaona feni, anasema nini? Wewe Mshauri, ukiona mshahara unasema nini?"

Shangazi akaniangalia kwa jicho la sokoni, lile la kupima kama mteja ana pesa au anapita tu. Akapiga simu. Kifua akashuka na jiko lake.

Jina lile lilifika juu kabla yake.

Kwanza tulimsikia mlinzi analisema. Halafu Kifua analijaribu, halafu anacheka. Ghorofa ya kwanza fundi cherehani akalidaka: "Lete hapa!" Ghorofa ya pili kinyozi naye: "Lete hapa!" Mteja wake, bila shaka nusu ya kichwa imenyolewa, akaitikia. Kufika ya tatu, ngazi nzima ilikuwa inaagiza. Kifua akatokea mlangoni, jiko kichwani, meno yote nje.

"Umetumwa na nani?"

"Letehapa, mama. Na fundi cherehani anauliza mnafungua lini."

Mshauri akakohoa. "Halina mvuto wa kimataifa."

"Na wewe huna mvuto wa ghorofa ya nne," shangazi akamwambia. "Inuka kwenye kiti cha mwanangu."

Nilikaa. Kiti kilikuwa bado cha moto.

Hapo ndipo mtu mwenye akili angeshukuru akanyamaza. Lakini mshairi akisifiwa ni kama bomba lililopasuka. Mchoraji wa mabango alipokuja kuuliza nembo iweje, shangazi alisema achore sufuria. Mimi nikasema la hasha, mchore mtu! Mzee kwenye kiti cha mikono, kofia ya sufu, masharubu yamegeukia juu, mguu wa kulia kwenye kigoda, ndala inaning'inia kidoleni. Kiganja mbele. Na chini yake aandike ubeti, nimeutunga sasa hivi, hauna dosari, hesabuni wenyewe.

Mchoraji alichora vizuri kupita kiasi. Laiti angekuwa mbovu.

Mnaniuliza nilikuwa nafikiri nini. Nilifikiri, baba yake Fundi, mzee wa watu, simu yake ni ile ya tochi. Intaneti haijui wala haimjui. Nembo ataiona wapi? Nikampigia Fundi.

"Nimepata kazi!"

Alipiga kelele ya furaha, nikasikia simu ya mteja inaanguka. "Jina gani limeshinda?"

"Aa, jina la kawaida tu. Utaliona."

Ijumaa alasiri tulitoka, mimi na shangazi. Nilivaa shati nililolipiga pasi mpaka likaogopa kukunjamana, na viatu vya kuazima, vyote viwili. Shangazi alikuwa na kikapu begani, na mikononi amebeba kitu kikubwa cha mraba, kimefunikwa kitambaa cha mezani.

"Nini hicho, shangazi?"

"Heshima ya wakwe. Hayakuhusu."

Tukapiga hodi. Mama wa nyumba akatufungulia, mwanamke mwembamba asiye na sauti. Nimeshafika pale mara kadhaa na sijawahi kumuona amekaa. Akatukaribisha sebuleni kwa mkono tu, akarudi jikoni. Fundi na wadogo zake walikuwa nyuma ya pazia la mlango wa ndani. Niliona vidole vya miguu yao vimejipanga.

Na mzee, kwenye kiti chake. Kofia ya sufu. Mguu kwenye kigoda. Tukamwamkia, akaitikia.

"Kijana anafanya kazi gani?" akauliza, kama mtu anayekagua mzigo uliofika umechanika.

Shangazi akajiweka sawa. "Ni mwandishi wa duka langu la mtandaoni. Mshahara kila mwezi, ana meza, ana kiti. Na ili mjue hatufanyi mzaha, mzigo wa kwanza kabisa wa duka letu hatujauuza. Tumesema uje kwenu."

Akavuta kitambaa.

Boksi jipya la feni. Upande wote wa mbele ulikuwa umechapwa nembo. Kofia ileile. Masharubu yaleyale. Ndala inaning'inia kidole kilekile. Na juu, herufi kubwa nyekundu: LETEHAPA.

Nyuma ya pazia kilisikika kitu kama mfuniko wa sufuria unaoviringika. Pazia likafunguka kidogo, nikaona jicho moja la Fundi. Nimetunga beti nyingi za macho. Lile sina ubeti wake.

Mzee akanyoosha mkono.

"Lete hapa."

Shangazi akapiga makofi. "Mnaona! Hata hajasoma, jina limeshamkaa mdomoni!"

Boksi likawekwa mapajani mwake. Akaliangalia. Akalisogeza mbali, akalisogeza karibu.

"Huyu mtu ni mvivu," akasema.

Akamgonga kwa kidole yule wa kwenye boksi.

"Amekaa tu. Anaagiza. Watu wa aina hii mimi nimewafukuza sana kazini." Akatikisa kichwa. "Kaka yangu mkubwa yuko hivihivi. Jina limemfaa. Nani kalitunga?"

Jicho la nyuma ya pazia liliniambia wazi, nyamaza. Lakini yule ndiye mtu aliyesema binti yake haolewi na vina. Na sasa ananisifu, mbele ya watu.

"Mimi, mzee. Limetoka kichwani mwangu."

"Peke yako?"

"Peke yangu."

"Basi una macho," akasema, na akatabasamu. Sikujua kama ana meno. "Nilikudharau, kijana. Mtu anayeweza kumuona mwenzake hivi, huyo ana akili ya kutunza nyumba. Mimi nimeridhika. Tupange siku."

Shangazi akanifinya goti. Vidole vya nyuma ya pazia vikarukaruka. Nilimaliza, ndugu zangu! Nilikuwa nimeoa!

"Mama, miwani yangu," mzee akaita jikoni. "Lete hapa. Kuna maandishi madogo huku chini."

Ubeti wangu.

Mama akaleta miwani, akabaki amesimama na sinia. Mzee akasoma kwa sauti, taratibu, kama wanavyosoma watu wa ghala.

"Kaketi kitini mwake..." Akaangalia kiti. "...mguu kaupachika."

Akaangalia mguu.

"Kanyosha kiganja chake..." Kiganja chake cha kulia kilikuwa bado kiko hewani, kama kilivyopokea miwani. "...sauti inasikika."

Sauti yake ikashuka. Na mimi, nisameheni, nilikuwa nachezesha midomo pamoja naye, nahakikisha haivunji mizani.

"Iwe sufuria yake, iwe kiti, iwe shuka. Lete hapa! ndilo neno, na mzigo ukafika."

Akavua miwani. Akapapasa masharubu yake, upande mmoja, kisha wa pili. Akayaangalia ya kwenye boksi.

"Kijana."

"Naam, mzee."

"Hapa kwangu umekaa mara ngapi? Unaingia, unatoka. Hili hukuliona wewe. Nani kakwambia?"

Nikikubali limetoka kwangu, nimemtukana mkwe. Nikisema lilikotoka, nimemuuza binti. Na kinywa kilekile kilikuwa kimeshasema, peke yangu.

Pazia likafunguka lote. Fundi akatoka, uso umemparama, ameishika bisibisi yake kama mshumaa.

"Baba," akaanza.

"Mimi."

Haikuwa sauti ya Fundi. Ilituchukua muda kujua ni ya nani, maana hatukuwa tumeizoea. Mama wa nyumba aliweka sinia juu ya meza, bila haraka.

"Jina hilo nimekupa mimi," akamwambia mumewe. "Huyu Fundi alikuwa bado anatambaa. Nimelisema jikoni mpaka watoto wakalizoea. Kijana wa watu hana kosa, labda kosa la domo."

"Mama!" Fundi akashangaa.

Mama hakumjibu. Alivuta kiti kilichokuwa wazi kando ya meza. Akakaa. Akatafuta pa kuweka mguu, akauweka kwenye kikapu cha shangazi, na shangazi, mfanyabiashara hodari, hakuthubutu kukisogeza. Kisha akanyoosha mkono, kiganja juu, sawasawa na alivyochora mchoraji.

"Jikoni kuna joto, Baba watoto," akasema. "Hiyo feni. Lete hapa."

Wadogo zake Fundi walikuwa wameng'ata pazia.

Mzee akamwangalia mkewe. Akaliangalia boksi. Akaniangalia mimi kwa muda mrefu kuliko wote wawili. Kisha akaushusha mguu kutoka kwenye kigoda. Ndala ikaanguka. Akajishika kwenye mikono ya kiti na, kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu, akasimama, boksi kifuani.

Kushoto kwake alikuwa mkewe, mkono bado umenyooka. Kulia kwake ulikuwa mlango, ule ninaoujua.